SOMO LA MWEZI: MATIBABU NI HAKI AU NI HISANI?

Shabaha ya somo hili ni kuwasaidia makatibu na wanachama kupambanua kati ya matibabu yatolewayo kwa hisani na matibabu yaliyo haki ya kila mtu, na kuona jinsi wakulima wa nchi moja ya mbali walivyoanza na michango yao wenyewe mpaka wakaipata haki hiyo. Katibu alisome kwanza peke yake, kisha alisome kwa sauti mbele ya kikundi, akisimama mwishoni mwa kila sehemu ili wanachama waulize.

1. Mkono uliovunjika

Chukua mfano wa binti mmoja wa chuo kikuu, mtoto wa mkulima wa ngano wa Marekani, aliyekwenda kusoma kwa mwaka mmoja mjini Saskatoon, katika jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada. Wakati wa baridi aliteleza juu ya barafu akavunjika mkono. Hospitalini alipigwa picha, akafungwa plasta, akapewa tarehe ya kurudi. Alipokuwa akitoka aliuliza dirisha la kulipia liko wapi. Karani alimjibu kwamba halipo. Kadi ya afya ya jimbo, ambayo hata mwanafunzi mgeni hupewa, ilikuwa imetosha.

Usiku ule binti hakupata usingizi, wala si kwa maumivu. Alimwaza baba yake, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiahirisha kupasuliwa ngiri. Nchini kwao, sheria ya mwaka 1965 iliwapa bima ya serikali wazee waliofikia umri wa miaka 65, na ikaweka mpango mwingine wa kuwasaidia maskini. Sheria ya mwaka 2010 ikawafikisha wengine wengi kwenye bima, lakini mamilioni ya watu wamebaki nje. Baba yake hakuwa mzee wa kutosha wala maskini wa kutosha. Bima aliyojinunulia ilimtaka alipe kwanza fedha nyingi kutoka mfukoni mwake, ndipo nayo ianze kulipa. Kwa hiyo alingoja mavuno mema, na maradhi hayangoji mavuno.

2. "Usiseme bure"

Asubuhi binti alimweleza mama mwenye nyumba, mjane wa mkulima, kwamba ametibiwa bure. Mama yule akamkanya kwa upole: "Usiseme bure, binti yangu. Tulilipa sisi kabla hujaja." Kutokana na neno hilo binti alianza kuitafuta historia ya jimbo lile.

Alikuta kwamba jambo lenyewe lilianzia mashambani. Wakulima wa Saskatchewan walikaa mbalimbali, na daktari asiyekuwa na uhakika wa kipato hakudumu kwao. Halmashauri ya eneo la Sarnia iliamua kumlipa daktari fedha maalum kila mwaka, zitokanazo na kodi ya wakazi, ili asihame. Mwaka 1916 sheria ya jimbo iliziruhusu halmashauri nyingine kufanya hivyo, na mwaka huo huo zikaruhusiwa kuungana na kujenga hospitali za pamoja. Hawa walikuwa watu waliokwisha kujifunza kushirikiana. Ushirika wao mkubwa wa kuuza ngano ulianza kupokea mazao mwaka 1924.

Ukame wa miaka ya 1930 uliwaonyesha udhaifu wa mpango huo. Mazao yalipokosekana, kodi nayo ilikosekana, na halmashauri ndogo zikashindwa kumlipa daktari wakati ule ule watu walipomhitaji zaidi. Wakatambua kwamba mfuko wa eneo moja hauwezi kuhimili msiba unaolikumba eneo zima.

Mwaka 1944 chama cha kisiasa kilichoungwa mkono na wakulima na wafanyakazi kilishinda uchaguzi wa jimbo, na Tommy Douglas akawa Waziri Mkuu wake. Douglas alizaliwa Uskoti, na utotoni mwake, mjini Winnipeg, alisumbuliwa na maradhi ya mfupa wa mguu. Wazazi wake hawakuwa na fedha, na mguu ulikuwa karibu kukatwa. Daktari bingwa mmoja akajitolea kumpasua bila malipo, kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Mguu ukapona. Douglas alishukuru maisha yake yote, lakini alijiuliza: mtoto asiyebahatika kupitiwa na daktari kama yule, je, apoteze mguu? Hisani humfikia aliyeonekana; haki humfikia hata asiyeonekana.

Tarehe 1 Januari 1947 jimbo lilianza bima ya hospitali kwa wakazi wote. Ada ilikuwa dola 5 kwa mtu kwa mwaka, na haikuzidi dola 30 kwa familia.

3. Siku 23 za mwaka 1962

Bima ya kumwona daktari ilianza tarehe 1 Julai 1962, nayo ilizaa mgogoro mkubwa. Madaktari wengi walihofu kuwa watumishi wa serikali na kupoteza uhuru wa kazi yao, wakafunga vyumba vyao vya matibabu. Wazazi wenye watoto wagonjwa waliingiwa na hofu, na watu waligawanyika.

Hapo ndipo wanachama walipochukua hatua. Raia walichanga fedha, wakaunda vyama vyao kwa misingi ya ushirika, wakafungua kliniki zao wenyewe. Kliniki ya Saskatoon ilifunguliwa tarehe 3 Julai, ikiwa na madaktari wawili, Joan Witney-Moore na Margaret Mahood. Madaktari wengine waliletwa kutoka Uingereza. Tarehe 23 Julai pande mbili zilipatana: madaktari wabaki huru katika kazi yao, na bima ya wote idumu. Kufikia mwaka 1972 majimbo yote ya Kanada yalikuwa na bima ya namna hiyo.

Isidhaniwe kwamba Kanada haina upungufu. Wagonjwa wengi hungojea muda mrefu kumwona bingwa, na dawa za kununua nje ya hospitali pamoja na matibabu ya meno havikuingizwa kikamilifu katika mpango wa mwanzo. Haki iliyopatikana huhitaji kutunzwa.

4. Hesabu kwa katibu

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 200. Katika mwaka mmoja, wanachama 10 wahitaji kupasuliwa, kila mmoja kwa shilingi 400,000. Gharama yote ni shilingi 4,000,000. Ikigawanywa kwa wanachama wote, kila mmoja hutoa shilingi 20,000. Wakiachwa peke yao, wale 10 watauza ng'ombe au shamba. Na wakichanga wale tu waliokwisha kuugua, ada itarudi kuwa shilingi 400,000 kwa kila mmoja. Ndiyo sababu mwenye afya hana budi kuchangia kabla ya kuugua, na ndiyo sababu asiye na uwezo hana budi kuchangiwa.

Lakini mfano wa ukame wakumbukwe. Mfuko wa chama kimoja ni mwanzo mwema, si mwisho wa safari. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 25, linataja matibabu miongoni mwa haki za kila mtu, wala halisemi kila mwanachama. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria peke yake haimtibu mtu. Chama chenye daftari sahihi la wanachama, makato yanayoeleweka na mkutano unaouliza maswali ndicho kinachoweza kuwasaidia wanachama wake waifikie haki hiyo.

Binti yule alimwandikia baba yake barua. Hakumsifia Kanada. Alimwuliza kama chama chake cha wakulima kimewahi kulizungumza jambo la matibabu mkutanoni, au kila mkulima huugua peke yake.

Maswali ya kujadiliwa na kikundi

1. Taja mtu wa kijijini aliyetibiwa kwa hisani. Ingekuwaje kama mfadhili asingepatikana?
2. Kwa nini halmashauri ndogo za Saskatchewan zilishindwa wakati wa ukame?
3. Mwanachama asiyeugua adai kurudishiwa mchango wake. Katibu amjibuje?
4. Katika chama chenu, ni nani asiyeweza kulipa ada yoyote, na nani atamlipia?