Kila Mtu na Kazi Yake

Mwanzoni mwa Mei 1873 David Livingstone, mmisionari na msafiri, alikufa katika kijiji cha jumbe Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake wakakata shauri kuichukua maiti yake mpaka pwani, ipate kurudishwa kwao Uingereza. Njia ilikuwa ndefu, yenye homa na hatari, wala hapana aliyewaamuru.

Basi kila mmoja akatoa alichojaliwa na Mungu. Farjallah, aliyepata kumtumikia daktari huko Unguja, aliipasua maiti ili ikaushwe juani. Moyo ukazikwa chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Bara Hindi, akasoma sala ya maziko, akachonga jina la marehemu katika mti ule. Susi na Chuma wakaongoza. Wapagazi wakachukua mzigo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Livingstone akazikwa London kwa heshima kuu. Susi na Chuma hawakuwapo. Lakini kazi yao ilikuwa imetimia. Aliyepewa kalamu asimdharau aliyepewa bega, wala mwenye bega asimwonee kijicho mwenye kalamu. Aliyewagawia ni mmoja, naye hutazama uaminifu wa mtumishi, si sifa alizopewa.