Baba mdogo anataka nikae dukani

*Shangazi, namaliza fizikia hapa chuoni Mutanga. Ndoto yangu ni kuchora ramani ya mvumo wa mawimbi ya mvutano angani. Baba mdogo, anayenilipia, anasema chombo chenyewe kitarushwa 2035 na sisi hata petroli hatupati. Nikamshikie duka Buyenzi. Nifanyeje?*

Mwanangu, kuhusu mwaka hajakosea. LISA, mradi wa Shirika la Anga la Ulaya wa kunasa mawimbi ya mvutano, uliidhinishwa Januari 2024 na unatarajiwa kuruka 2035: vyombo vitatu kwa umbo la pembetatu, kila upande kilomita milioni 2.5. Petroli ya Bujumbura haimo humo.

Ila kazi unayoitaka ni ya hesabu. LISA haielekezwi upande mmoja kama darubini. Inapokea kutoka kila upande kwa pamoja, na mamilioni ya nyota vibete nyeupe zinazozungukana mbili mbili katika galaksi yetu zitavuma kwa mkupuo. Kinachookoa ni kwamba pembetatu inageuka-geuka ikilizunguka Jua, hivyo mvumo unapanda na kushuka mwaka mzima. Katika kupanda na kushuka huko ndimo ramani inamochimbuliwa, kwenye kompyuta. Itakuwa ramani ya madoa mapana, usitarajie picha kali.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina historia na ramani za namna hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilijizungusha polepole ikapima anga lote kwa eksirei, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Sisi tulitoa bahari na jina. Safari hii natamani tutoe na mahesabu.

Data za mazoezi za LISA ni za bure mtandaoni, na za mtambo wa LIGO, ulionasa wimbi la kwanza la mvutano Septemba 2015, pia. Jifunze kuandika programu kwa Python; umeme ukirudi usiku, pakua data. Kigali kuna taasisi ya EAIFR yenye shahada ya uzamili ya fizikia, ingawa habari za mpaka wa Burundi na Rwanda unazijua.

Baba mdogo usimbishie mbele ya wateja. Msubiri afunge hesabu, umwombe akufikishe kwenye shahada ya kwanza tu, nawe Jumamosi utakaa dukani. Habari za galaksi ziache. Mweleze utakula nini ukishamaliza: kufundisha fizikia sekondari, kwa mfano, na hesabu za LISA jioni. Kazi ya mawimbi sikuahidi, wala wewe usimwahidi.