MWENDO WA SIKU MOJA

Soma: Matendo 20:7-14, Isaya 40:28-31

Fungua Matendo 20. Paulo amehubiri Troa usiku kucha, Eutiko ameanguka dirishani na kuinuliwa akiwa hai. Asubuhi wenzake wanapanda merikebu kwenda Aso. Paulo anakataa chombo, anakwenda kwa miguu. Ni zaidi ya kilomita 30! Biblia haituambii kwa nini. Lakini mistari ya 22 na 23 inaonyesha alijua vifungo vinamngoja mbele. Mtu kama huyo anahitaji muda na Mungu.

Hata sisi tuna njia ya zamani. Misafara ya pwani kwenda Uganda ilipita Mumias, wakati huo ikiitwa Kwa Sundu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alitoka Rabai na wapagazi wapatao 200. Kwa Sundu aliwaacha wengi na William Jones, Mwafrika aliyewahi kukombolewa utumwani, akaendelea na watu 50. Oktoba 29 aliuawa Busoga, na karibu hao wote 50 wakauawa pia. Askofu tunamtaja kwa jina. Waliombebea mzigo, nani anawataja?

Sasa tujifunze mambo matatu.

1. Kutembea ni kazi ya Roho pia. Angalia mpangilio wa Isaya: kwanza kuruka, halafu kukimbia, mwisho kutembea. Wengi wetu tungeweka kuruka mwisho. Kwenye kesha tunaruka, sawa. Lakini Jumanne, nani anatembea kwenda kumwona mgonjwa?

2. Mjue anayebeba mzigo. Kuna anayepanga viti kabla hujafika, kuna mama anayeosha sufuria mkutano ukiisha. Je, unajua jina lake? Unajua kama watoto wake wamekula?

3. Njia hurudisha undugu. Ndani ya matatu unaweza kukaa na ndugu yako bila kusema neno. Kwa miguu, kilomita kwa kilomita, kunyamaza ni kugumu.

Kwa hiyo hii hapa kazi ya juma. Chagua Jumamosi moja na mtu mmoja ambaye hamsalimiani vizuri. Tokeni Kisumu alfajiri, mpite Otonglo na Kisian, mpande mpaka Maseno, pale ikweta inapokata barabara. Ni kama kilomita 25. Bebeni maji, tembeeni upande wa kulia mkiyaona magari yanayokuja. Kama miguu haiwezi, ishieni Kisian. Msianze na lile deni au lile neno lililouma. Anzeni na maombi, hayo mengine yatakuja yenyewe njiani.

Maswali ya ushirika wa nyumbani: Ni nani amekubebea mzigo mwaka huu? Ni nani unamkwepa?

Tuombe: Bwana, tupe nguvu ya kutembea bila kuzimia, na usituache tufike peke yetu. Amina.