Chombo Kikivuja, Kitie Maji

Mashua inayovuja humdanganya mwenyewe. Maji unayoyaona yametuama ngamani huenda yaliingilia omo, yakatambaa juu ya mbao, yakapenya chini ya mataruma na kutua tezi. Ukiziba pale penye maji, pamba itakwisha na kesho utaendelea kuyafua kwa upo ule ule. Kabla ya kushika chembeu, kipweleze chombo, kitie magadi pande zote mbili, umimine maji ndani ndoo kwa ndoo, kisha uzunguke nje ukitazama. Panapodondoka, weka alama ya mkaa. Usikijaze lakini. Maji ni mazito, na mchangani hakuna bahari ya kuzisukuma mbavu zake kutoka nje. Kimo cha mbao mbili tatu kutoka mkukuni kinatosha.

Siku ya kukipandisha fuata mwezi. Maji ya bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na huku Unguja siku hizo hujaa kwenye saa kumi alfajiri na kukauka kwenye saa nne asubuhi. Unapata asubuhi nzima ya kazi. Hatari ni kukipandisha pwani juu bamvua likishaanza kupungua, maana kila maji yajayo yatakuwa madogo kuliko ya jana, nawe utakaa karibu wiki mbili ukingoja bamvua jingine likutoe. Kwa kazi ya siku moja, panda siku mbili kabla ya kilele.

Sasa kalafati. Ng'oa pamba kuukuu yote penye alama, hata ile inayoonekana nzima, na uendelee shubiri moja kila upande. Sokota pamba mpya, ichovye kwenye mafuta ya nazi, au sifa kama nyumbani wanaistahimili harufu yake, kisha ishindilie tabaka kwa tabaka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chombo kilichokaa juani mbao zimesinyaa na nafasi zimepanuka, basi mtu hugonga kwa nguvu zake zote mpaka pasiingie hata uzi. Kikishushwa, mbao zinavimba, pamba haina pa kwenda, na ubao unajisukuma wenyewe kutoka kwenye taruma, misumari ikilegea. Acha pamba ikae chini kidogo ya uso wa ubao, pafunike kwa chokaa iliyokorogwa na shahamu, na kazi iliyobaki iachie bahari. Kuvuja kidogo siku ya kwanza si kosa la fundi. Kama bado kinavuja siku ya tatu, hapo rudi kazini.

Msumari ulioliwa na kutu huacha mti mweusi na laini kuuzunguka. Kugongea mwingine katika tundu lile lile ni kupoteza msumari. Toboa pembeni kwa keekee, tundu jembamba kuliko msumari wenyewe, na uuviringe uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa. Tundu la zamani lizibe kwa kijiti kilichochongwa kikakaza.

Chini ya chombo, adui ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Kwa nje utaona vitundu vidogo tu, ilhali ndani wamekula njia ndefu. Chombo kinachoelea mfululizo ndicho kinacholiwa. Kikaushe mara kwa mara, pitisha moto wa makuti haraka chini yake bila kuuacha utulie mahali pamoja, halafu paka deheni upya.

Na mvua za masika zisikutulize kwa kuwa ni maji matamu. Chumvi huzuia mbao kuoza; maji ya mvua yakituama ndani huziozesha. Yafue siku hiyo hiyo, suuza ndani kwa maji ya bahari, na ukikiezekea makuti acha pande wazi upepo upite.