KUTENGENEZA REDIO YA ZAMANI PASIPO KUIONDOLEA ASILI YAKE

Huenda nyumbani kwenu ikawapo redio ya valvu ama gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono. Kabla hamjaitupa au kuipaka rangi mpya, nisikilizeni kidogo.

Chombo cha zamani ni kama kitabu. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitengeneza redio ya betri kwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa juhudi za Harry Franklin. Ganda lake lilifanywa kwa sufuria, na bei yake ilikuwa pauni 5. Mtu akiitia redio hiyo ndani ya ganda la plastiki, itasema, lakini habari yake yote imefutika.

Basi fuateni kanuni hizi, mkiwa pamoja na fundi au mwalimu, maana umeme mkali hukaa ndani hata baada ya redio kuzimwa.

Kwanza, usiitie umeme kwa haraka. Kapasita za karatasi huharibika kwa uzee tu, na zikivujisha umeme huweza kuunguza transfoma. Tazama pia nyuma: redio nyingine zimewekwa kwa volti 110 au 127, na umeme wa Rwanda ni volti 230.

Pili, badili kilichokufa tu. Kapasita mpya ni ndogo, yaweza kufichwa ndani ya ganda la ile ya kale. Kila ukitoacho kitie katika bahasha, andika mahali pake, ukiweke ndani ya sanduku la redio. Hivyo ajaye baadaye atajua kipi ni cha asili na kipi ni chako.

Tatu, safisha kwa adabu. Maandishi ya majina ya miji juu ya kioo hutoka upesi yakisuguliwa. Na santuri za mizunguko 78 usizifute kwa spiriti, kwa kuwa nyingi zina shelaki, nayo huyeyuka.

Hapa Masaka mzee mmoja alishauriwa atoe vyote vya ndani ya redio ya marehemu baba yake, atie Bluetooth. Alikataa, akatuambia, "Vijana wangu, nikifanya hivyo nitabaki na sanduku tu." Tulibadili kapasita, valvu zote tukaziacha. Stesheni za masafa mafupi zimepungua. Hata mitambo ya Deutsche Welle ya Kigali, iliyoanza mwaka 1965, ilifungwa mwaka 2015. Lakini redio ile ina transfoma, na nyuma yake mna matundu ya gramafoni. Tuliunganisha simu hapo, pasipo kukata hata waya mmoja, na spika ile ile ya baba yake ikaimba.

Ndugu zangu, fundi hodari hujulikana pia kwa vile alivyoacha bila kuvigusa. Mwacha asili ni mtumwa.