Dondoo Muhimu: Paa la asbesto mtaani kwenu

Paa la zamani la kijivu, lenye mawimbi mapana na lisiloshika kutu, huenda ni la asbesto. Likiwa zima, liacheni. Hatari huanza linapopasuka: nyuzi zake hazionekani kwa macho, na zikizama mapafuni ni vigumu kutoka.

Kila mwaka baada ya masika, kagua ukiwa chini. Tafuta nyufa na kingo zilizomeguka, piga picha, andika tarehe. Tazama pia pale maji ya paa yanapodondokea. Tope la kijivu likikauka hapo huwa vumbi, na mara nyingi ndipo watoto wanapochezea. Wahamisheni, na msilifagie kavu.

Usilikate paa hilo kwa msumeno wala kulisugua. Vipande vyake visitumike kujengea banda la kuku wala kufukia mashimo ya njia. Kitambaa puani hakitoshi. Nchini Kenya, wanaoshughulikia taka ya asbesto wanapaswa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira; waulizeni mafundi kabla hawajapanda ngazi.

Nguo za kazi hiyo zisiingie ndani ya nyumba. Huko Libby, Montana, nchini Marekani, wake na watoto wa wachimbaji wa madini yenye asbesto waliugua kwa vumbi lililoletwa nyumbani mwilini na nguoni.

Maradhi ya asbesto huchukua miaka 10 hadi 40, hata zaidi, kujitokeza, na sigara huzidisha hatari ya saratani ya mapafu. Ukikohoa bila kupona au kuishiwa pumzi, mwambie daktari uliwahi kuishi au kufanya kazi wapi, hata kama ni miaka 30 iliyopita.