Mgeni Asiye na Mwenyeji

Sisi watu wa nchi hii twasifiwa kwa ukarimu, na sifa hiyo si ya bure. Mgeni akibisha hodi saa ya chakula haambiwi angoje nje. Hukaribishwa, hunawishwa mikono, akaketi pamoja na wenye nyumba. Wazee wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na wako wanaodhani kwamba methali hiyo ya pili yaitangua ya kwanza. Sivyo. Anayepewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Lakini yafaa tujiulize mgeni huyo ni nani. Mara nyingi ni shemeji, au mwana wa mjomba, au mtu aliyekuja na salamu kutoka kijijini kwetu. Ana jina, ana ukoo, na kesho sisi nasi tutapita kwake. Yule tunayetaka kumsema leo ni wa namna nyingine: hakubisha hodi kwetu, hatujui kwao, na pengine hatutamwona tena. Twamkuta tu. Ameketi karibu nasi katika basi la safari ndefu. Amesimama mlangoni mwa ofisi na karatasi asiyoweza kuisoma. Amelala hospitalini katika kitanda kinachofuata kile cha ndugu yetu. Mtu huyo hana mwenyeji.

Wakatoliki wengi wakisikia habari za kueneza dini humfikiria padre, sista au katekista. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba kazi hiyo ni ya kila aliyebatizwa. Miaka 10 baadaye Papa Paulo wa Sita alieleza jinsi inavyoanza: ushuhuda wa maisha hutangulia, nao wanaouona huanza kujiuliza kwa nini watu hawa waishi hivi. Hakuishia hapo, aliongeza kwamba ushuhuda wa kimya hautoshi, maana wakati hufika ambapo jina la Yesu halina budi kutajwa. Utaratibu huo, tendo kwanza na neno kwa wakati wake, wastahili kutazamwa vizuri.

Mfano wa Msamaria (Lk. 10:30-37) twaujua tangu utoto, na labda kwa sababu hiyo hatuusomi tena kwa makini. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko yashuka kiasi cha meta 1,000 katika mwendo wa kilometa 25 hivi, kati ya majabali makavu, na wanyang'anyi hawakukosa mahali pa kujificha. Kuhani na Mlawi waliopita kando huenda waliogopa tu, kwa kuwa mtu anayelala njiani aweza kuwa chambo. Hofu hiyo twaijua. Nani hajasikia habari za matapeli wa vituoni, au za msafiri aliyepewa kinywaji chenye dawa ya usingizi akaamka hana mzigo? Mama anayewaonya watoto wasipokee kitu kwa mtu wasiyemjua hatendi dhambi.

Tazameni basi Msamaria alifanya nini. Alitumia vile alivyokuwa navyo safarini: mafuta, divai, mnyama wake wa kupanda. Hakumpeleka majeruhi nyumbani kwake. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwatunza wasafiri, akalipa dinari 2, yaani ujira wa kibarua wa siku 2, akaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Huko ndiko kuhurumia kwa akili. Tena Injili haisemi kwamba alimhubiria yule mtu hata neno moja. Na liko jambo linalochoma zaidi: machoni pa wasikilizaji wa kwanza wa mfano huu, yeye ndiye aliyekuwa wa dini potofu. Ni Wakatoliki wangapi katika nchi yetu waliokwama safarini, wakapewa maji, nauli au mahali pa kulala na Mwislamu asiyewajua? Tukijiweka sikuzote mahali pa Msamaria, wala si mahali pa yule aliyelala njiani, tumeusoma mfano nusu.

Nchi yetu imepata mfano wake pia. Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Afrika ya Magharibi, katika nchi iitwayo leo Mali. Akali mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe wa Algeria. Wakamsomesha, wakampeleka kisiwani Malta kujifunza utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alifika mgeni kamili, mbali sana na nchi ya wazazi wake, katikati ya lugha asizozaliwa nazo. Akaoa huko, mwanawe akawa padre, naye mwenyewe akawa tabibu na katekista hapo Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka zaidi ya 60! Mgonjwa aliyemwendea alitafuta dawa, hakutafuta katekisimu. Lakini mkono uliotibu na kinywa kilichofundisha sala vilikuwa vya mtu mmoja, na kila mtu pale aliweza kupima kama vyapatana.

Mt. Josephine Bakhita, mzaliwa wa Darfur katika Sudani, naye aliibwa utotoni akauzwa mara kadhaa. Mwaka 1885 alifikishwa Italia, akawa yaya katika nyumba ya watu. Msimamizi wa mali za familia ile, Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Alipokuwa akimpa aliubusu kwanza, kisha akamweleza kwamba Yesu Kristu, Mwana wa Mungu, alikufa kwa ajili yetu. Bakhita hakufahamu maana yake, lakini aliuficha msalaba ule akawa akiutazama kwa siri. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Baadaye akawa sista wa Shirika la Wakanosa, na kati ya kazi zake mjini Schio alikuwa bawabu, yaani yeye ndiye aliyewafungulia wageni mlango. Alifariki mwaka 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Katika habari hizi twaona busu lile lilikuwa na nguvu kuliko hotuba: mtumishi mgeni aliona mtu mzima akiheshimu kitu kwa moyo wake wote.

Hapa sharti tuseme neno moja kwa ukali. Wako wanaompa mhitaji mkate kwa mkono mmoja na mahubiri kwa mkono wa pili, na asipokubali mahubiri, mkate nao hurudi mfukoni. Hiyo ni biashara. Mgonjwa kitandani hawezi kuondoka. Kumhutubia asiyeweza kuondoka si ushujaa. Akiuliza, ajibiwe waziwazi bila haya, lakini kwa upole, kama Mt. Petro anavyoagiza (1 Pet. 3:15). Asipouliza, aombewe kimya.

Turudi sasa kwenye kitanda kile cha jirani, maana hapo kila familia yaweza kuanza. Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa hutegemea chakula cha ndugu zake. Saa ya kuwatazama wagonjwa ikifika, wodi hujaa vikapu na chupa za chai, na harufu ya mchuzi huenea. Bali kitanda kimoja hakina mtu. Aliyelala hapo aliletwa kutoka mbali, au alipatwa na ajali safarini, naye amegeukia ukutani asionekane akitazama sahani za wenzake.

Akina mama, ongezeni kikombe kimoja cha uji katika chupa mnayokwenda nayo. Lakini kabla ya kumpa mwulizeni muuguzi, kwa sababu anayengoja kupasuliwa hatakiwi kula, na mwenye kisukari ana chakula chake. Akina baba, mwulizeni jina, na kama yuko mtu wa kwao anayetaka apigiwe simu. Huenda namba ameikariri, ila simu yenyewe ilipotea siku ya ajali.